Fundi Zéphyrin Haumwi

Kwanza kabisa, siumwi. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kuinamisha vichwa. Nina miaka hamsini na sita, nalala usingizi mzito, nakula ugali nikashiba, na kila Jumatano napanda baiskeli yangu kutoka Kakuma mpaka Kalobeyei na furushi la nguo nyuma, jua likinichoma utosini. Sijawahi kuanguka hata mara moja.

Shida yangu ni macho. Si kuona. Naona vizuri, natia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, mimi fundi wa nguo wa miaka thelathini. Shida ni pale chini ya macho. Pana mashimo mawili. Mama yangu kule Fizi, Kongo, alikuwa nayo, na mama yake pia. Nilipokuwa kijana yalinipa sura ya mtu anayefikiri, na wasichana walipenda. Nilipofika hamsini nyama ya mashavu ikashuka, mashimo yakaingia ndani, na yule mtu anayefikiri akawa mtu aliyetoka kuagwa na ndugu zake.

Sasa ishi na sura hiyo katikati ya kanisa letu. Sisi Wakongo na Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma vitu vingi hatuna, lakini pole tunazo za kugawa. Pole ya mtu mmoja haina neno. Pole za watu mia mbili kila Jumapili, mtu akikushika mkono kwa mikono yake miwili na kukutazama kama picha ya marehemu, hizo zinachosha. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa wanaoombewa. Nililitoa mara tatu. Likarudi mara tatu.

Na kulikuwa na Mama Eugénie. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama wanaotembelea wagonjwa, mwanamke mwenye moyo mweupe na sauti ya filimbi ya refa. Wagonjwa wake aliwapanga kwa siku, na mimi akanipa Alhamisi. Kila Alhamisi alikuja kibandani kwangu na wenzake wawili, wamebeba chupa ya chai: tangawizi nyingi, kitunguu saumu kingi zaidi, majani ya chai ya kusingizia tu. Nikisema sihitaji, wanasimama pale mlangoni, wananitazama, wateja nao wananitazama. Chai ya kanisa huikatai. Niliinywa miezi minne mfululizo, vikombe viwili kila Alhamisi, na nyingine waliniachia ya kesho yake.

Yote hayo ningeyavumilia. Bon, nisingeyavumilia, mimi ni mtu wa hasira, lakini ningenyamaza. Kilichonivunja ni Mama Sylviane.

Mama Sylviane ni Mrundi, mjane, anaoka mikate kule Kalobeyei kwenye tanuri alilolijenga mwenyewe kwa udongo na pipa. Mikono yake ina nguvu, kicheko chake kinasikika kabla hujaifikia nyumba. Mwanzoni Jumatano zangu za Kalobeyei zilikuwa za kupeleka nguo. Baadaye nguo zikawa kisingizio, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Mwezi wa tano nikapiga moyo konde nikamwambia nataka tuoane. Aliweka mkate chini, akanitazama. Hakunitazama mimi mzima. Alitazama pale chini ya macho, muda mrefu.

"Papa Zéphyrin," akasema, "nimeuguza waume wawili. Wa tatu sitaki kumuuguza."

Nikamwambia siumwi. Akasema wote walisema hivyo hivyo. Halafu akaniambia nimpe mpaka Jumapili ya Mavuno, atakuwa ameshaamua, na akanifungia mkate wa bure, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia. Mkate wa bure ndio ulionitisha. Hiyo ni sadaka ya mgonjwa. Nilirudi Kakuma nikikanyaga baiskeli kwa hasira, nikijua kabisa kwamba mwanamke ninayempenda atanikataa kwa kosa la mama yangu wa Fizi.

Aliyenifungua macho, tuseme hivyo, ni mteja wangu mmoja, Mwalimu Achan, anayefundisha shule ya Kalemng'orok. Alikuja kuchukua gauni lake nikaona uso wake umebadilika. Yeye naye alikuwa na mashimo, tulikuwa tunataniana kwamba tumezaliwa na mama mmoja. Sasa hayapo. Nikamuuliza kwa adabu kama amepata likizo. Akacheka, akaniambia kuna daktari wa ngozi, Mturkana kijana, anakuja Lodwar wiki moja kila mwezi, na anaweka kitu chini ya macho kwa sindano, hakuna kupasuliwa, unaingia asubuhi unatoka kabla ya chakula cha mchana. Akanipa namba.

Nilikuwa na akiba ya kununua cherehani ya pili. Nikaamua cherehani itangoja.

Kutoka kambini lazima uwe na kibali. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia karani, usiku wote nimeyakariri, maana sikutaka kusema uongo na ukweli nao ulikuwa unanitia aibu. Sikuhitaji hata neno moja. Karani aliinua kichwa, akaniona, akasema, "Pole sana mzee, unaenda hospitali Lodwar?" Akaniandikia hapo hapo, watu kumi wakiwa mbele yangu kwenye foleni, na wote kumi walinipisha. Niliwashukuru. Moyoni nilikuwa nachemka.

Jirani yangu Wal, kijana wa Sudan Kusini anayeuza vipuri vya baiskeli, ndiye niliyemwachia ufunguo. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kuonwa macho, basi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana Wal hana siri tumboni.

Kliniki ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, ubaridi wa mashine ukikupiga usoni baada ya joto lile la Lodwar. Daktari Lotiir alinisalimia kwa Kiturkana, ejok, nikamjibu ejok, akakaa karibu yangu akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka watu waache kuniombea. Hakucheka. Alinishika kidevu, akaniinamisha, akaniinua, akawasha taa upande huu na upande huu.

Alinieleza vizuri, bila haraka. Krimu za kupaka zinasaidia ngozi kidogo, shimo hazijazi. Kuna njia ya damu yako mwenyewe: wanaichota mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, halafu ile sehemu ya manjano wanaidunga chini ya jicho, mara tatu, mwezi hadi mwezi, na inafaa zaidi kwa ngozi iliyosinyaa. Nikamwambia Jumapili ya Mavuno haina mwezi hadi mwezi, imebaki siku kumi na saba. Basi kuna jeli. Anaiingiza kwa sindano butu inayoteleza chini ya ngozi, inajaza pale palipopungua, inakaa kama mwaka na zaidi, na ikikaa vibaya ana dawa nyingine ya kuiyeyusha. Akaniambia pia hatari zake, na hizo alizisema akinitazama machoni: mara chache sana jeli inaweza kuziba mshipa, na mtu akapoteza hata jicho. Ndiyo maana haifanywi saluni wala nyumbani kwa mtu. Kisha akaniambia nisitegemee muujiza, nitabaki mimi, ila mimi niliyepumzika.

Akaanza maswali. Kisukari? Hapana. Presha? Hapana. Aspirini, dawa za kupunguza damu kuganda? Hapana. Dawa yoyote, hata za mitishamba, hata kitu cha kienyeji?

"Daktari," nikamwambia, "mimi situmii dawa ya aina yoyote. Siumwi."

Nilisema kwa kiburi kabisa. Na sikudanganya. Chai si dawa.

Alinipaka mafuta ya ganzi, tukangoja, akafanya kazi yake. Sikusikia uchungu, nilisikia msukumo tu, na ubaridi. Aliweka kidogo, akarudi nyuma kutazama, akaweka kidogo tena. Nilimheshimu, ndivyo ninavyopunguza kiuno cha gauni. Aliponipa kioo nilikisogeza karibu. Palikuwa na mtu wa miaka arobaini na tano, mwekundu kidogo chini ya macho, ambaye mwanamke angemkubali. Akaniambia nisibonyeze, nisilalie uso, nikae mbali na jua, na nikiona vibaya au ngozi ikigeuka nyeupe nimpigie saa hiyo hiyo.

Nilirudi Kakuma jioni nikiwa na kofia na furaha.

Asubuhi nikaamka nikajitazama kwenye kioo cha kibandani. Mungu wangu. Chini ya macho yote mawili palikuwa na rangi ya biringanya, imevimba, imeshuka mpaka katikati ya mashavu. Nilionekana kama niliyepigwa na watu wawili wasiopatana juu ya nani aanze. Nikampigia daktari, nikamtumia picha. Aliuliza kama naona vizuri. Naona. Maumivu makali? Hapana. Ngozi nyeupe, baridi? Hapana. Akasema ni damu tu imevilia chini ya ngozi, itaondoka, wiki mbili, pengine na siku kadhaa. Ila alishangaa wingi wake. Akarudia maswali yake moja moja, na mimi nikarudia hapana zangu, mpaka akaniuliza nakula nini na nakunywa nini.

Nikamwambia kuhusu chai.

Akaniuliza taratibu kitunguu saumu kingapi, na tangawizi kiasi gani, na kwa muda gani. Nilipomaliza kumjibu akaniambia vitu hivyo vikizidi vinaifanya damu isigande upesi, na kwamba mtu anayevinywa kwa wingi huo lazima aache wiki mbili kabla ya sindano. Nani, akauliza, amekuwa akininywesha? Nikamwambia ni kanisa. Nilisikia anajikaza asicheke, na hakufaulu.

Basi nikajifungia. Nilishusha pazia, nikafunga mlango wa kibanda, nikaandika karatasi kwamba fundi amepumzika. Nilihesabu: siku kumi na sita. Nikikaa ndani bila kuonekana, biringanya litakwisha, Jumapili ya Mavuno nitatoka nimependeza, Mama Sylviane ataniona na mambo yatakuwa sawa. Ulikuwa mpango mzuri kama hukai Kakuma.

Wal aliniletea maji siku ya pili, akaniona kabla sijavaa kofia. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee," akasema, "macho yako wamefanya nini? Wametoa?"

Nikamwambia ni kitu kidogo, anyamaze. Akaapa atanyamaza. Kufikia jioni nilikuwa nimefanyiwa upasuaji. Kufikia Jumapili upasuaji ulikuwa umeshindikana na madaktari wa Lodwar walikuwa wamenirudisha nyumbani. Jumatano yangu ya Kalobeyei ikapita bila mimi, na habari ikasafiri yenyewe, bila baiskeli.

Alhamisi saa nne asubuhi nikasikia nyimbo.

Si kwaya ndogo. Ilikuwa kwaya nzima, na akina mama, na wazee wa kanisa, wanaimba polepole ule wimbo wanaouimba tukimsindikiza mtu. Mama Eugénie alibisha. Nilijibu kwamba nimelala. Akasema ndiyo, baba, lala tu, sisi tutaingia wenyewe, na Wal, mwenye ufunguo wangu wa pili, akafungua. Waliingia mpaka chumba kikajaa, wengine wakasimama nje kwenye dirisha. Nilikuwa nimekaa kitandani na kofia yangu. Mtu mmoja, kwa heshima, akanivua kofia, na chumba kizima kikashusha pumzi. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, nikamwona Mama Sylviane. Alikuwa na unga kwenye mikono yake bado. Hakuwa anaimba.

Nilitaka kujifunika shuka, lakini ndivyo wanavyofanya wanaokufa, kwa hiyo nikakaa vile vile.

Mama Eugénie akafungua maombi. Nataka muelewe kwamba yule mama ananipenda kwa dhati. Alimshukuru Mungu kwa maisha yangu. Akashukuru kwa nguo nilizowashonea watoto wa kwaya bila malipo. Akasema nilikuwa mtu wa hasira lakini mkweli. Nilikuwa. Mara ya kwanza nilidhani ameteleza. Akaendelea: nilikuwa baba wa wengi, nilikuwa na mkono mzuri, na kama ni mapenzi yake Bwana kunipokea, basi anipokee bila mateso.

Hapo mori ukanipanda.

Nilisimama juu ya kitanda. Nikasema kwa sauti ambayo, wananiambia, ilisikika mpaka kwa muuza mkaa: siumwi. Sijawahi kuumwa. Nilizaliwa na mashimo haya, nikaenda Lodwar nikajazwa jeli kwa sindano ili niache kufanana na marehemu, na huu weusi mnaouona si kifo, ni chai yenu. Ni kitunguu saumu chenu cha kila Alhamisi, mmeifanya damu yangu iwe maji, daktari mwenyewe amesema. Na kama kuna mtu anataka kunipokea asubuhi hii, akangoje, nina magauni sita ya kumaliza.

Mama Eugénie alifumbua jicho moja. Halafu kijana mmoja wa kwaya, wa sauti ya nne, akapasuka kicheko, na baada yake hakubaki mtu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wal alikuwa anamtafsiria mtu dirishani na kucheka kwa wakati mmoja. Mama Eugénie mwenyewe alijifuta machozi kwa kitenge, akaniuliza kama basi wiki ijayo alete uji, nikamwambia uji sawa. Wakatoka wakiimba, safari hii wimbo wa harusi, wajinga wale, hawakujua walikuwa wananichoma wapi.

Mama Sylviane alibaki. Hakuwa amecheka. Mama Eugénie alikaa nje kwenye kigoda, mlango wazi, kwa ajili ya heshima, na kwa ajili ya kusikia pia, namjua.

Nikashuka kitandani. Nikamwambia kwamba nilifanya kwa ajili yake. Nilitaka aone mwanaume mzima. Nikamwambia weusi utaisha, daktari ameahidi, na chini yake pamejaa vizuri, na Jumapili ya Mavuno ataona.

"Mume wangu wa kwanza," akasema, "alijua mwaka mzima kwamba ini lake linakufa. Hakuniambia, hakutaka kunisumbua. Wa pili alikuwa akikohoa damu chooni na kurudi akiniambia amekula pilipili. Walinifungia mlango, Papa Zéphyrin. Na leo nimetoka Kalobeyei kwa miguu nusu ya njia, nikijua nakuja kukuta wa tatu, nakukuta na pazia umeshusha. Wao walinificha ugonjwa. Wewe umenificha hata uzima."

Nilichukua kofia yangu nikaiweka juu ya cherehani.

Akaniambia kuuguza hakuogopi. Yale ya kutotaka kumuuguza wa tatu aliyasema kunitania na kunipima, kuona kama nitamweleza ukweli au nitajitetea. Anaogopa kuolewa na pazia.

Nilikwenda dirishani nikalipandisha. Jua likaingia lote, likanipiga pale kwenye biringanya. Nikarudi nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikamwambia yote. Kwamba sina miaka hamsini na sita, nina hamsini na tisa, karatasi zilikosewa Fizi na mimi sikuzisahihisha kwa sababu ilinifaa. Kwamba jino langu moja hapa nyuma limeoza na natafunia upande mwingine. Kwamba nakoroma. Kwamba sindano naitia uzi bila miwani, ni kweli, lakini kwa mazoea ya vidole, na Biblia siioni tena, na Jumapili nasoma kwa kukumbuka. Na kwamba goti langu la kushoto limekufa tangu mwaka juzi, Kalobeyei nafika nikikanyaga kwa mguu mmoja, na kila Jumatano njiani najiuliza kama nitaweza Jumatano ijayo, na naogopa siku nitakayoshindwa, kwa sababu siku hiyo sitamwona.

Nilisema hayo ya mwisho nikitazama chini. Mama Sylviane akaja karibu, akaninyanyua kidevu kama alivyofanya daktari, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akanyoosha kidole.

"Usibonyeze," nikamwambia. "Daktari amekataza."

Hakubonyeza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanyoosha mguu wake polepole, akajishika juu ya goti, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu ambayo mimi, kwa miezi yote ile ya mikate, sikuwahi kuyaona.

"Langu ni la kulia," akasema. "Hiyo baiskeli yako ina viti viwili?"